Jani Lililobaki Mfukoni

Mliniomba niandike mambo ya maana niliyojifunza kazini, ili ninyi mnaobaki katika karakana ya kompyuta msianze upya. Nimekaa na kalamu siku tatu hapa nyumbani Sigor, na la maana nililolipata ni moja tu, nalo linaniaibisha. Basi nitaandika hilo. Vyeo sitavieleza, kwa sababu nilipandishwa mara mbili na mara zote mbili kazi ilibaki ile ile, ila funguo ziliongezeka. Mshahara mnaujua, maana mnaupata ule ule.

Nilifika kwenye shamba la chai huko Kericho nikiwa na cheti cha chuo kimoja cha mjini, tai nyekundu na viatu vya kung'aa. Sisi watu wa Sigor ni wa mahindi na ng'ombe. Jani la chai nilikuwa nimelijua ndani ya kikombe tu, na hata humo nilikuwa nalichuja. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Nyakundi, Mkisii aliyekuwa fundi wa mizani na simu za shamba kabla ya kompyuta kuja. Zilipokuja, wakubwa walimwambia nazo ni zake, kwa kuwa zina waya. Alikisoma cheti changu chote kwa adabu, akanirudishia, kisha akanipa brashi ya kupakia rangi.

"Hii ndio kazi, kijana," akasema. "Fungua hiyo mashine, toa chai."

Nilidhani ananitania. Nilipofungua kasha nikakuta vumbi la chai limejaa kote, feni haionekani, na ukikohoa linapanda usoni. Kompyuta za kiwandani huvuta vumbi hilo mchana kutwa mpaka zinakosa pumzi. Kwa wiki mbili sikugusa kibodi. Nilipiga brashi na kupiga chafya. Tai niliivua siku ya pili, na miaka mingi baadaye ilikuwa bado inafungia nyaya nyuma ya meza ya karani wa kiwanda.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya mwezi wa nne, wakati nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Kompyuta ya kitalu cha miche ilikuwa na diski mbili: moja ya mfumo, nyingine ya rekodi zinazoonyesha aina gani ya mche imepandwa sehemu gani ya shamba. Nilitumwa kuweka mfumo upya. Mashine ikaniuliza ni diski gani isafishwe, nikachagua kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayechagua kiti nyumbani kwake. Nikasafisha rekodi.

Mzee Nyakundi hakunifokea. Alisema tu, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," kisha akanikabidhi kwa msimamizi wa kitalu. Siku tisa tulizunguka shamba lote kwa miguu, yeye akiinama kusoma vibati vya namba vilivyofungwa kwenye vichaka, mimi nikiandika kwenye daftari. Kila alasiri mvua ilitupata mbali na paa lolote. Wachunaji walishaelezwa mimi ni nani, na walinisalimia kwa heshima nyingi mno: "Chamgei, daktari wa kompyuta!"

Siku ya tisa Mzee alinifuata kule shambani. Akachuna jani moja la chai, akalitia kwenye mfuko wa kifua wa koti langu la kazi.

"Sikia. Kabla ya kuweka mfumo, kila kitu ambacho hutaki kuguswa, chomoa kebo yake. Kila kebo ukichomoa, jani moja mfukoni. Kila kebo ukirudisha, jani moja nje. Usifunge kasha kama mfuko haujabaki tupu."

Nikamuuliza kwa nini nisiandike kwenye karatasi, kama watu waliosoma. Akacheka. "Mfuko yako iko na karatasi ngapi sasa hivi?" Nilikuwa nazo sita, moja yao kipande cha gazeti nilichofungia chapati. "Karatasi huwezi kuiona kati ya zingine. Lakini jani haliingii mfukoni peke yake. Na ukilipata limenyauka, unajua umechelewa."

Sijawahi kusikia hoja nzuri kuliko hiyo katika kozi yoyote niliyopelekwa, na nilipelekwa nyingi, hasa zile zenye chakula cha mchana. Mzee Nyakundi alistaafu, akarudi kwao Nyamira, na sasa ametangulia. Mimi nikabaki na desturi yake. Kila niliyemfundisha nilimfundisha majani. Wengine mlicheka, na Chelangat alicheka kuliko wote, halafu akawa ndiye anayeishika vizuri zaidi. Chelangat, najua unasoma hii. Vumilia, zamu yako inakuja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, lililotokea wiki chache kabla sijastaafu.

Kompyuta ya chumba cha picha katika hospitali ya shamba ilikuwa imekuwa nzito. Ni mashine ya zamani, ile kubwa ya mezani, na ndiyo pekee iliyobaki na draivu ya CD katika shamba zima. Laptopu zote mpya zimekuja bila mlango wa CD, na mimi mwenyewe ndiye niliyesaini fomu ya kuzinunua, nikaandika kwamba CD zimepitwa na wakati. Hospitali kubwa za mbali hazikupata barua yangu. Mgonjwa akipigwa picha ya kichwa huko, bado hupewa CD aje nayo.

Jumatatu asubuhi niliwasha mashine hiyo kutoka kwenye flashi ili niweke mfumo upya. Kwanza nikafuata desturi. Nilitoka nje, nikachuna majani mawili kwenye ua wa chai wa hospitali. Nikachomoa diski ya picha za wagonjwa, jani moja. Nikachomoa kebo ya draivu ya CD, jani la pili. Nilijisifu moyoni. Mfumo ukaingia vizuri. Nikarudisha kebo ya diski ya picha, nikatoa jani moja.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Alikuwa fundi wa nguo kutoka Chepseon, ameletwa na kamati ya kuniaga aje kunipima suti ya zawadi. Sijawahi kushonewa suti maishani. Nilivua koti la kazi nikalitundika ukutani, nikanyoosha mikono, nikavuta tumbo ndani. Fundi akaniambia niache tumbo mahali pake, kwa sababu ndilo atakalolishonea. Tukajadili rangi, tukajadili kola, tukajadili kama mifuko iwe na vifuniko. Nusu saa nzima! Alipoondoka, kichwa changu kilikuwa tayari kimevaa suti. Nikafunga kasha nikiwa na shati tu, nikakaza skrubu zote nne, nikabeba koti mkononi na kwenda nyumbani, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mvua ililiosha njiani. Nililitundika nyuma ya mlango, na Jumanne nikavaa lingine.

Jumanne hiyo asubuhi akaja Mama Kwamboka. Wengi wenu mnamfahamu. Ni mchunaji wa siku nyingi, na mumewe Ombati husambaza majani kwenye vitanda vya kunyaushia pale kiwandani. Ombati alikuwa ameanza kuumwa na kichwa, kisha jicho la kushoto likazima, na sasa la kulia lilikuwa limeanza kuona ukungu. Walikwenda hospitali kubwa akapigwa picha, wakapewa CD. Mama Kwamboka alikuwa ameifunga kwenye leso, leso ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kikapu.

"Daktari mkubwa wa kichwa anakuja Alhamisi," aliniambia. "Amesema akiona hizi picha, anaweza kumchukua Ombati aende apasuliwe. Asipoziona, mpaka arudi tena, na ni miezi miwili. Baba, hiyo jicho haina miezi miwili."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikabonyeza kitufe, mlango wa CD ukatoka, nikaiweka, mlango ukarudi. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kwenye skrini, hakuna kitu. Si kwamba CD haikusomeka. Draivu yenyewe haikuwepo. Mfumo haukujua kama kitu hicho kimewahi kuzaliwa.

Ninaona haya kueleza niliyoyafanya kwa siku moja na nusu, lakini niliahidi. Nilitafuta programu ya kuitambulisha draivu, nikaiweka, nikaitoa, nikaweka nyingine. Nikaingia kwenye sajili ya mfumo nikafuta zile filta mbili, maandishi yanayoweza kuificha draivu, ambazo kila fundi wa mtandaoni husema zifutwe, na kwa kweli zilikuwa hazipo, kwa hiyo nikafuta jirani zake. Nikawasha na kuzima mpaka msimamizi wa chumba cha picha akaanza kuhesabu kwa sauti. Nikalaumu unyevunyevu wa Kericho. Nikalaumu panya. Nikamlaumu mama anayepiga deki, ambaye hajawahi kuigusa mashine hiyo kwa sababu mimi mwenyewe nilimkataza.

Chelangat alisimama nyuma yangu, mikono kifuani.

"Mzee, si tufungue kasha tucheki kebo kwanza?"

"Kebo gani, Chelangat? Si unaona mlango unafunguka? Taa si inawaka?"

"Inawaka, lakini..."

"Kama haina kebo itawakaje? Ama inatumia maombi?"

Akashusha mikono. Ninyi mnajua alichotaka kusema, na mimi nilikijua kabla hajazaliwa: draivu ya CD ina kebo mbili. Moja huleta umeme, nayo ndiyo inayofungua mlango na kuwasha taa. Nyingine hubeba habari. Nilikuwa nimeichomoa ile ya habari tu. Somo hilo nimelifundisha mara nyingi mno, nikichora ubaoni kwa chaki ya rangi mbili. Nyani haoni kundule, na akiwa nyani wa kukaribia kustaafu haambiliki.

Mchana nilikwenda mjini kwa Njoroge, mwenye studio ya picha za harusi, ambaye ana draivu ya CD ya kuchomeka nje. Alisikitika sana. "Pole, Mzee. Nimeazimisha jamaa ya Bomet, ako na harusi. Ni Jumamosi ndio analeta." Nikapiga simu hospitali kubwa iliyopiga picha. Wakasema picha hazitumwi, mwenyewe aje na kitambulisho. Ni safari ya siku mbili, kwenda na kurudi, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Jumatano asubuhi hatimaye nikaingia kwenye ile skrini ya kabla mfumo haujaamka, ambako ningepaswa kuanzia. Draivu haikuwepo hata huko. Mtu mwenye akili angesema: basi si mfumo, fungua kasha. Mimi nilisema: imekufa. Nikatoka nje kwenye benchi alikokaa Mama Kwamboka na Ombati, nikawaambia hivyo kwa sauti ya huzuni ya kitaalamu.

"Ni mzee tu," nikasema. "Kama mimi. Ilikuwa siku yake."

Mama Kwamboka aliifunga ile CD tena kwenye leso, polepole, kona moja moja. Ombati ndiye aliyeuliza, uso wake ukiwa umeelekea kidogo kando yangu, kwa kuwa hakujua vizuri niliposimama: "Kwa hivyo tungoje miezi mbili?" Nikasema ndiyo. Machozi yakamtoka Mama Kwamboka bila sauti. Nikaenda nyumbani kula, na hata sasa nashangaa nilikuwa na hamu ya chakula.

Mke wangu, Mama Chebet, alikuwa anafua. Kabla ya kufua hukagua mifuko yangu, tangu siku kalamu yangu ilipotia wino kwenye shuka. Aliingia na sahani ya ugali na mboga, akaiweka mbele yangu, kisha kando ya sahani akaweka jani moja la chai, limekunjamana, limekuwa jeusi.

"Baba Chebet, siku hizi unachuna chai? Nimeitoa kwa ile koti ya Jumatatu."

Nililitazama jani hilo. Nakumbuka nilisikia joto likianzia shingoni na kupanda mpaka kwenye upara. Sikunawa wala sikula. Mama Chebet aliniona nikipita dirishani mbio, jani mkononi, mtu wa umri wangu, akadhani ua limeshika moto.

Nilipofika hospitali benchi ilikuwa tupu, na nilishukuru. Chelangat alikuwa chumbani, nikamtuma karakana akaniletee bisibisi. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Alipotoka nikafungua kasha. Kebo ilikuwa pale, inaning'inia, kichwa chini. Nikaichomeka, nikafunga, nikawasha. Draivu ikajitokeza kwenye skrini bila kinyongo. Chelangat alirudi na bisibisi, akaitazama skrini, akanitazama mimi, kisha akatazama kwenye ndoo ya taka, ambako nilikuwa nimelitupa jani.

"Imeamka?" akauliza.

"Imeamka," nikasema. "Hizi mashine bwana. Ukizijua, zinakusikia."

Naam, nilisema hivyo. Mama Kwamboka alipoitwa na kuziona picha za kichwa cha mumewe zikifunguka moja baada ya nyingine, alinishika mikono yote miwili, akaniombea hapo hapo, maombi marefu ya Kikisii ambayo jina langu lilitajwa mara nne. Nilifumba macho kama mtu anayestahili. Alhamisi daktari aliziona picha. Kulikuwa na uvimbe unaobana mishipa ya macho. Alimchukua Ombati wiki iliyofuata. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda moja kwa moja, lakini la kulia liliokolewa. Daktari alisema ingekuwa miezi miwili, hata hilo lisingebaki.

Nililala na maneno hayo kila siku mpaka sherehe ya kuniaga.

Sherehe mlikuwepo. Suti ilikuwa nzuri, na tumbo lilikuwa mahali pake. Chelangat ndiye aliyekwenda kuichukua Chepseon, akaniletea ikiwa imenyooshwa. Wakubwa wakaongea, nikapewa saa ya ukutani, nisije nikasahau kwamba sina tena pa kuwahi. Kisha Mama Kwamboka akaomba kipaza sauti.

"Mimi sina mengi," akasema. "Hii mashine ilikuwa imekufa. Huyu mzee alituambia imekufa, na macho yangu iliona ikiwa imekufa. Lakini hakulala. Alirudi akaifufua, ndio bwana yangu leo anaona. Mungu ambariki."

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Jasho likanitoka, nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Vidole vikagusa kitu laini na baridi. Sikuhitaji kukitoa ili nijue ni nini. Lilikuwa jani la chai, bichi kabisa, la asubuhi ile. Nikamtafuta Chelangat kwa macho. Alikuwa anasoma maandishi kwenye chupa yake ya soda kwa makini sana.

Ningeweza kukaa nalo. Lingenyauka, Mama Chebet angelikuta siku ya kufua, na mambo yangeisha. Lakini Mzee Nyakundi alisema usifunge kasha kama mfuko haujabaki tupu, na mimi nilikuwa karibu kufunga miaka yangu yote. Nikaenda mbele, nikaliweka jani juu ya meza ya wakubwa, nikasema yote: majani mawili, fundi wa suti, kebo ya habari, Chelangat aliyeniambia nifungue kasha nikamdharau, bisibisi iliyokuwa mfukoni. Nilisema, "Mashine haikufa. Mimi ndiye niliyeichomoa, na mimi ndiye niliyewaliza." Niliona aibu, na nilikuwa na huzuni ya kweli.

Mama Kwamboka alikuwa bado amesimama.

"Kwa hivyo mimi nililia siku mbili na ilikuwa ni wewe?"

"Ndio, mama."

"Na nikakuombea, na ukafunga macho?"

"Nilifunga, mama."

Akanitazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kola ya suti. "Sawa. Tuko na chai yetu kidogo huko Chepilat. Siku mbili nililia, siku mbili utakuja kunichunia." Akarudisha kipaza sauti, akakaa. Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akasahau ajenda, lakini yeye hakuwa anatania.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza za kustaafu kwangu nilizimaliza Chepilat, kikapu mgongoni, nikichuna chai kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nimezungukwa na jani hilo miaka yote na sikulijua. Mama Kwamboka alijaza kikapu mara tatu nami sijafunika matako ya changu. Mgongo uliuma, vidole vikawa vyeusi, na watoto wa jirani walikuja kuangalia. Alinifundisha mara kumi: majani mawili na chipukizi, basi, yale magumu achana nayo.

Siku ya pili alasiri Ombati alitoka nyumbani peke yake, bila fimbo na bila kushikwa mkono, akaja mpaka mwisho wa shamba. Alisimama njiani, mistari kama kumi ya chai kutoka nilipokuwa, akalikaza lile jicho lake moja.

"Bett!" akaniita. "Hiyo jani ni kubwa! Tupa! Naiona kutoka hapa!"

Nilijifanya nafuta mvua usoni, ingawa ilikuwa haijaanza kunyesha. Kisha nikalitazama jani mkononi mwangu. Lilikuwa kubwa kweli. Nikalitupa.